Mimi Ndiye Niliyesema Turudi

Kaka Evarist,

Kule shuleni, kwenye kambi ya wakimbizi ya Kibondo, mwalimu alitufundisha kwamba barua inaanza kwa hali: mimi huku sijambo, sijui wewe huko. Sasa nikuulize hali ipi, kaka? Basi nitasema ya kwangu tu. Mwili ni mzima. Mengine utayasikia.

Naandika nikiwa jikoni kwangu hapa Buffalo, katika nyumba ile ile ya karibu na barabara ya Bailey, ghorofani, ambayo ulipanda ngazi zake ukasema siku moja zitaniua. Ni Jumapili mchana. Nimetoka kanisani, nimevua viatu, na sijapika. Kuna maharage ya jana kwenye sufuria na hata kuyapasha moto naona uvivu. Nje, majani ya mti wa jirani yameanza kuwa mekundu, na mimi kila nikiyaona nafunga pazia. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Unajua mimi si mtu wa kuandika. Mimi ni mtu wa kusema. Wewe mwenyewe ndiye uliyenipa jina la Redio tangu tukiwa watoto, kwa sababu hakuna neno lililoingia sikioni kwangu likalala humo. Kambi nzima ikaniita Redio kwa ajili yako. Wanaume wakipita na mizigo ya kuni wananiuliza, eti Redio, leo kuna habari gani? Sasa angalia. Katika watu wote waliokuwa mlimani siku ile, ukachagua kuniambia mimi. Kuna siku nacheka peke yangu kazini, watu wananitazama. Siku nyingine nakukasirikia, kaka, nakukasirikia kabisa, halafu naona haya. Nani anamkasirikia mtu aliyelala chini?

Nianze na nyumbani kwako. Louisville huna tena nyumba. Wifi yangu alisema hawezi kuendelea kulala katika chumba ulimokata roho, akawachukua watoto akahamia Columbus, kwenye zile apatimenti za Northland nyuma ya barabara ya Morse, karibu na Mzee Zakaria na kanisa lake. Amepata kazi ya kutunza wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Amekonda. Wale wawili wadogo Kirundi wamekwisha kukisahau, na Kiswahili wanakisikia tu, ukiwasemesha jibu linatoka kwa Kiingereza. Koti lako la kazini, lile lenye mistari inayong'aa ulilokuwa ukibebea maboksi, limetundikwa nyuma ya mlango. Hakuna anayelivaa na hakuna anayeliondoa.

Kaburi lako liko salama. Ndugu wa kanisa lenu la Louisville wanapita kukata majani, wananitumia picha kwa simu. Mimi nimefika mara moja tu tangu tulipokuzika, na nilikaa pale nikakosa la kusema. Mimi! Ungeniona ungetangaza msibani kwamba Redio imeharibika.

Wifi yangu hanisemeshi. Si kwamba tumegombana, la, afadhali tungegombana, ningejua pa kuanzia. Akinipigia ni kwa jambo, na jambo likiisha simu imekatika. Salamu ananipa kama anavyompa mtu wa benki. Wewe unakumbuka jinsi tulivyokuwa, mimi na yeye, tukikusema wewe mbele yako mpaka unatoka nje. Yote hayo yameisha, na ni kwa sababu ya mlima.

Nataka nikusimulie siku ile. Najua ulikuwepo. Lakini wewe ulikuwa umelala chali kwenye machela, ulichokiona ni matawi na mbingu. Mimi nitakwambia ya huku chini tulikokuwa sisi.

Daktari alikuwa amekwisha kusema. Ini limekwisha, dawa ya kuponya haipo, iliyopo ni ya kupunguza maumivu. Furaha ndiye aliyetafsiri. Mtoto wa kike wa sekondari, anamtafsiria baba yake maneno yale, na hakukosea hata moja. Ukamshukuru daktari. Ukatoka nje ukaniambia kwenye simu, bwana, huyu mzungu ana sura nzuri lakini habari zake mbaya. Nilicheka halafu nikakaa chini sakafuni nikalia.

Ndipo Mzee Zakaria akasema twende mlimani. Hakuna aliyeuliza mlimani kufanya nini, maana wote tumekulia katika maombi ya mlimani. Kule kambini mama alikuwa akitupandisha kile kilima cha nyuma ya bloku yetu kila palipokuwa na shida: mvua ikikataa, homa ikizidi, jina letu lilipochelewa kwenye orodha za kuja Amerika. Mlima una sheria zake. Unapanda umefunga, bila chakula wala maji, na hufungui mpaka umefika juu ukaomba. Anayegeuka njiani amerudi na maombi yake. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, mimi na wewe na wifi na Zakaria, na hakuna aliyewahi kuuliza kama ni lazima.

Lakini Louisville mlima uko wapi? Columbus nako ni tambarare kama meza. Zakaria akasema tutakwenda kaskazini, kwenye milima ya Adirondack, kwa kuwa kutoka kwangu Buffalo ni mwendo wa nusu siku. Wewe ulikubali haraka. Ulisema, kama ni mlima, basi uwe mlima kweli. Mkaja wote, pamoja na watoto, mkalala kwangu, watu wa Louisville na watu wa Columbus, kwenye mikeka, sebuleni hapakuwa hata pa kuweka mguu. Wewe nilikupa kitanda changu, ukalalamika kwamba godoro ni laini mno, linakumeza.

Kosa letu lilikuwa moja, kaka. Tuliuchukua mlima wa Amerika kama kile kilima cha Kibondo, ambacho mtu anapanda huku anapiga soga. Tuliondoka kwangu usiku, tukafika asubuhi jua linawaka. Wanaume walivaa suti na viatu vya kanisani. Sisi tulivaa vitenge na sweta, kwa kuwa Mzee Zakaria alisema mtu haendi mbele za Mungu kwa nguo za mazoezi. Makoti mazito tukayaacha ndani ya magari, maana nani atabeba mgonjwa akiwa amevaa koti? Na uji niliokukorogea, ukiwa kwenye chupa kubwa ya chai, nao ukabaki garini. Mgonjwa naye alikuwa amefunga. Mimi nilisema, huyu si angekunywa kidogo? Wewe mwenyewe ulikataa. Ulisema hutaki kwenda kuomba huku umeshiba peke yako.

Machela aliitengeneza Zakaria kwa mikono yake, miti miwili mirefu na mablanketi yaliyoshonwa kwa kamba, kama walivyobebwa wagonjwa kule milimani Burundi kabla hatujazaliwa. Wanaume wanne wanabeba, wengine wanafuata kupokea bega, na machela haiwekwi chini. Wakaimba. Mlikuwa mnapendeza, we acha tu. Pale kwenye maegesho wazungu wenye fimbo zao na mifuko ya mgongoni walisimama wakatutazama kama harusi.

Wewe ulikuwa na maneno siku ile. Uliwaambia wabebaji, mwanamume mzima nabebwa kama bibi harusi, haya semeni, mahari yangu amekula nani? Wakacheka mpaka wimbo ukakatika. Uliomba nikufunue kitenge usoni uone majani. Yalikuwa mekundu, ya njano, mengine ya rangi ya mawese, njia nzima, juu na chini. Uliyaangalia tu, na mimi nilikuangalia wewe nikafikiri, huyu atapona. Nilifikiri hivyo kabisa. Nilikuwa nimekwisha kupanga kile nitakachokutania mwaka ujao.

Unakumbuka yule mama mzungu mwenye mbwa? Alikuwa anashuka. Alipotuona akashika kifua, akatoa simu, anataka kuita waokoaji. Alidhani umeanguka. Furaha akamweleza kwamba hatukushushi, tunakupandisha. Yule mama alirudia kuuliza, kama mtu aliyesikia vibaya. Kumpandisha? Mgonjwa? Furaha akasema ndiyo. Ukaniuliza amesema nini, nikakwambia, ukacheka mpaka ukakohoa na Zakaria akatuambia tuache kucheza.

Halafu jua likaenda. Sijui liliondoka saa ngapi. Nilichoona ni kwamba nimeanza kujikumbatia. Kukaja manyunyu, yale membamba yasiyolowesha, tukasema ni baraka. Kisha manyunyu yakawa meupe. Sisi wa Buffalo theluji tunaijua, lakini ina miezi yake, haiji majani yakiwa bado mtini. Sasa ikaanza kukaa juu ya yale majani mekundu, juu ya mablanketi yako, juu ya vichwa vya wanaume, na mawe yakaanza kuteleza. Mzee mmoja mzungu aliyekuwa anashuka alisimama akaelekeza fimbo yake mbinguni, akatikisa kichwa. Furaha akatafsiri: anasema huko juu ni kubaya, turudi. Zakaria akamwambia, mwambie huko juu tunangojewa.

Usidhani namsema vibaya Mzee Zakaria. Alibeba upande wa mbele karibu njia yote, akikataa kupokewa. Bega lake lilichubuka mpaka shati likashika damu. Yule mtu anakupenda mpaka leo. Ukitajwa jina, anavua miwani.

Miti ikawa mifupi, halafu ikaisha, ikabaki miamba. Upepo ulikuwa unapiga upande mmoja. Viatu vya kanisani kwenye mwamba wenye theluji, kaka, huhitaji kuambiwa. Nestori, yule kijana wa Louisville uliyemwingiza kazini, akateleza, machela ikalala upande, na wewe ukateremka nayo mpaka mguu wako ukagusa jiwe. Hukulia. Wifi alilia. Wakakusogeza nyuma ya mwamba mkubwa usiopigwa na upepo, na kwa mara ya kwanza wakaiweka machela chini. Wanaume wakaenda pembeni na Zakaria kuangalia njia. Wifi yangu alikuwa anawafunika watoto kwa kanga yake. Mimi nikakuinamia kukufuta theluji machoni.

Ulinishika kidole. Si mkono, kidole kimoja. Ukasema, "Spesi, nirudisheni." Nilidhani unaota. Ukasema tena, "Nirudisheni. Nasikia baridi. Sitaki tena." Nikakuuliza, hutaki nini, kaka? Ukafumba macho. "Mama Furaha asijue kuwa ni mimi. Watoto wasijue. Sema ni wewe." Halafu, Mungu wangu, ukatabasamu, na midomo ile ya bluu, ukasema, "Redio, leo jizime."

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, tunarudi.

Zakaria akaja mbio. Akasema, dada, tumekaribia, kilele ni hapo nyuma ya hilo wingu, imani yako iko wapi? Nikasema tunarudi. Wifi akapiga magoti kwenye ile theluji, akashika mti wa machela kwa mikono miwili, akaniambia wifi nakuomba, nakuomba kwa jina la watoto hawa, tumetoka mbali, mwache afike. Kaka, sijawahi kuombwa na mtu namna ile. Nikamtazama usoni. Wewe ulikuwa umefumba macho, kama uliyelala, unasikia kila neno. Unajua kwetu shangazi ana neno lake. Awe mdogo, awe hana mume, kwa watoto wa kaka yake akisema jambo wazee hunyamaza. Sikuwahi kulitumia neno hilo maishani. Nilisema, huyu ni damu ya baba yangu, mimi ndiye shangazi wa watoto wake, nimesema anashuka, na atakayempandisha apite juu yangu.

Wakakubeba wakakushusha. Hakuna aliyeimba.

Kule garini nilikumiminia uji. Wengine hawakutaka, maana hawakufika, hawawezi kufungua. Walikaa tu wanatetemeka, wamekunja mikono, wanatazama kioo cha mbele. Nikaona utakunywa peke yako mbele ya watu wote wale. Nikamimina kikombe changu, nikanywa, nikajilamba midomo makusudi wanione. Furaha alinitazama. Sitasahau jinsi alivyonitazama.

Yaliyofuata unayajua, au huyajui, sijui mtu anajua nini mwishoni. Uliondoka kabla ya Krismasi, kitandani kwako Louisville, wifi amekushika kichwa. Mimi nilikuwa kwenye basi bado niko njiani. Msibani Mzee Zakaria aliomba. Aliomba vizuri, kwa machozi. Akasema, Bwana utusamehe sisi ambao imani yetu ilituishia njiani. Hakutaja jina. Haikuhitajika. Wifi yangu alikuwa ameinamisha uso, watu wakanipisha kama kuna kitu nimemwaga. Na mimi nikafungua mdomo kusema, nikaufunga. Nimekuwa hivyo tangu siku ile, kaka, nafungua na kufunga.

Nilijaribu. Wakati wa kiangazi nilipanda basi nikaenda Columbus, nimeamua kabisa. Njia nzima nilikuwa najisemesha: wifi, keti, nina neno. Nikafika. Alikuwa anapika sombe, kile kisamvu chetu, na vidagaa vya ndagala, madirisha wazi, harufu ile ile ambayo jirani yenu wa Louisville alikuwa akija kuigombeza. Watoto wakakaa mezani. Yule mdogo alikuwa ameshindwa jambo fulani la shule, analia, anasema hatarudi tena kesho. Wifi akamshika kidevu. Akamwambia, tazama hapa, baba yako hakuwahi kurudi nyuma, hata siku moja, hata akiwa mgonjwa, wewe ni mtoto wake. Yule mtoto akafuta kamasi, akala. Sasa niambie, kaka. Ningesemaje? Ningesema wapi, kabla ya sombe au baada ya sombe? Nikaosha vyombo vyote, nikasugua na sufuria zisizohitaji, nikapanda basi nikarudi Buffalo. Wifi alinisindikiza mpaka mlangoni tu.

Hayo nilikuwa nayaweza. Kulaumiwa mimi si mgeni nako. Nilijiambia, lawama ni mzigo wa mtu mmoja, nitaubeba, kaka yangu alale vizuri. Kilichonifanya nichukue kalamu leo ni Furaha.

Alinipigia wiki iliyopita. Mama yake hakujua. Aliniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yao, na mimi nikamjibu kwa Kiswahili, kama kawaida yangu. Aliniuliza hivi: shangazi, siku ile baba alikuwa anataka kufika juu? Yeye mwenyewe, moyoni mwake, alitaka?

Simu ilikuwa sikioni na niliweza kumsikia anavyopumua. Nilikuwa nimesimama palepale kazini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na kofia ya plastiki kichwani. Nikakutafuta, kaka. Kweli nilikutafuta. Nilisema moyoni, Evarist, nijibie wewe. Nikamwambia alitaka sana. Nikamwambia alitaka kuliko sisi sote.

Halafu akasema, na alisema kwa Kiswahili safi, yeye ambaye tangu tukuzike mama yake humwombaomba atamke hata neno moja, "Sawa, shangazi. Basi nitamfikishia."

Ndipo nikajua. Wanakwenda tena. Mwezi ujao, tarehe ile ile, kabla ya kuondoa msiba wako mwaka ukitimia, wifi na Furaha na Mzee Zakaria na baadhi ya wale wabebaji. Wanataka kuyapeleka yale maombi yako mpaka juu, yasikae nusu njia. Na Furaha ameanza kufunga tangu sasa. Hali chakula cha shule. Nyumbani anajifanya amekula shuleni. Juzi alianguka darasani, muuguzi wa shule akampigia simu mama yake, na mama yake alipomwambia ale, alimjibu kwamba mtu mmoja tayari alikula kabla ya wakati, na tumeona matokeo yake. Hayo, pamoja na ya safari, niliambiwa na Nestori, naye yumo kwenye msafara. Wifi mwenyewe hakuniambia.

Mtu mmoja tayari alikula. Ni mimi huyo, kaka, na kikombe changu cha uji.

Nimegeuza jambo hili kila upande mpaka kichwa kinauma. Nikisema ukweli, Furaha atakula leo hii. Lakini baba aliyemjua ataondoka mara ya pili, na safari hii mimi ndiye nitakayekuwa nimemwondoa. Na wifi? Anasimama kwa sababu ya neno moja tu, kwamba mume wake hakukata tamaa. Ukilitoa hilo, sijui atashika nini. Na watasema namsingizia marehemu ili nijisafishe. Nikinyamaza, mtoto wako atapanda mlima ule akiwa na njaa, na theluji haitamuuliza ni mtoto wa nani. Niambie ipi. Nakuuliza kwa heshima zote, wewe ni mkubwa wangu, wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki, ulinibeba mgongoni mpaka zahanati nikiwa na malaria huku unaimba uongo kwamba tumekaribia. Nifungue mdomo au uniambie nikae hivi hivi. Hata ndotoni. Watu wengine wanaotwa na wafu wao kila siku mpaka wanachoka, mimi nimelala karibu mwaka mzima kama gogo, wewe huji.

Na kuna swali jingine, dogo, linaloniamsha. Uliposema hutaki tena, ulikuwa unasema mlima? Au ulikuwa unasema yote, dawa, maombi, sisi? Kama ni mlima tu, basi labda ningekupa uji ukapumzika tukapanda tena siku nyingine yenye jua. Kama ni yote, basi nilikusikia vizuri. Sikukuuliza mara ya pili. Nilikuwa na haraka ya kukutii.

Leo nilipotoka kanisani nimeandikisha jina langu kwenda. Nilimpigia Mzee Zakaria, nikamwambia nami nimo. Akasema karibu, dada, na nadhani alikuwa analia. Alidhani nimetubu. Nimemwacha adhani hivyo. Nimemwambia tu kwamba safari hii kila mtu atavaa koti na mabuti, asiyevaa hatoki nyumbani kwangu, na kwamba nitabeba uji mgongoni, si garini. Hakubisha.

Basi ahadi yangu ni hii, kaka. Siri yako sitaitoa. Nimeitazama kila upande na sina mdomo wa kuitolea. Lakini nitatembea nyuma ya Furaha, hatua kwa hatua, wala sitamwacha mbele yangu zaidi ya urefu wa mkono. Ana macho yako, unajua, yale ya kuomba msaada bila kusema. Akigeuka tu, akinitazama kwa macho hayo, sitangoja atamke. Nitakaa chini kwenye jiwe, nitapiga kelele kwamba mimi nimeshindwa, miguu yangu imekufa, mimi shangazi nasema tunarudi. Wataniongezea na hilo. Na waongeze. Yeye atashuka akiwa mzima na hakuna atakayejua kuwa alichoka.

Na asipogeuka? Akakaza shingo, akapanda moja kwa moja mpaka lile wingu, kwa sababu ya neno nililomwambia mimi kwenye simu? Hapo sijui, kaka.

Lala salama, Evarist. Nakupenda na nimekukasirikia.

Mdogo wako,
Spesioza